Mgonjwa wa Kitabuni

Juzi nilimkuta mjukuu wangu akilia na kitabu cha maktaba mkononi, nikakumbuka alasiri moja kwetu Bongwe, siku zile Uhuru ungali mpya. Nilirudi kutoka madrasa nikasikia kilio uani. Kina mama, bibi yetu akiwamo, walikuwa wamemzunguka dada yangu Mwanasiti, na harufu ya wali ulioungua imetanda. Nami nikaangua kilio.

“Nani amekufa, bibi?”

“Hajafa bado. Ni Zuhura wa kitabuni, yu mahututi.”

Kumbe shule ya dada ilikuwa imefungua maktaba, naye alikuwa akiwasomea kina mama kitabu alichoazima huko. Mwanasiti akainuka mbio aepue chungu. Bibi, ambaye kila siku alimgombeza kwa kupenda vitabu, akamshika mkono.

“Kaa usome, mwanangu. Wali nitapika mwingine mimi.”