Pai ya Boga Iliyopaliwa kwa Makaa ya Udi

Mke wa mjukuu wangu alikuwa hajatimiza mwaka kwetu, na Idi ile ndiyo yake ya kwanza. Alisoma Amerika, akarudi na shahada na mapenzi ya pai ya boga. Majina ya watu wote waliokuja kula siku ile nnayo kichwani, mpaka ya watoto wa kubebwa, lakini wenyewe wamenikataza kuyaandika, basi tutakwenda hivi hivi.

Aliposema ataleta pai, binti yangu, ambaye ndiye mama mkwe wake, alicheka.

"Boga? Mwezi mzima tumefuturu boga la nazi, na Idi pia tulile? Watu watadhani bado tumefunga!"

Mtoto wa watu akatazama chini. Nikamwambia, "Wageni si wanakula nyumbani kwangu, mtaa wa Darsait? Basi njoo upike kwangu."

Akaja asubuhi ya Idi na boga lake, zuri, jekundu ndani. Tukalichemsha, tukaliponda. Yeye alitaka maziwa ya kopo, miye nikamimina tui zito. Yeye akatia mdalasini, miye nikazidisha iliki.

"Bibi, hii si pai tena."

"Itakuwa nini basi, samaki?"

Tukacheka, tukaimimina kwenye ganda la unga, tukaitia kwenye oveni.

Sasa oveni yangu inawaka chini tu, juu ilishakufa zamani. Wageni wa mwanzo wanavua viatu mlangoni, sisi tunafungua: pembeni imewiva, katikati inacheza kama uji. Akashika kichwa.

"Bibi, mama ataniimba mpaka Idi Kubwa!"

"Haimbi mtu hapa. Mkate wa kumimina tuliupika kwa oveni gani sisi? Tulipalia."

"Kupalia ndiyo nini?"

"Moto juu, mwanangu."

Jikoni makaa sina, ila sebuleni chetezo kimejaa makaa mekundu, yanangoja udi. Nikakibeba mpaka uani, naye akanifuata na pai. Nikafunika pai kwa sinia, nikamwaga makaa juu yake.

Mara sauti ya binti yangu: "Mama, chetezo kiko wapi? Wageni wamekaa, nyumba hainukii!" Akatokea mlango wa uani, udi mkononi. Miye nimechuchumaa na koleo la makaa, mkwewe kasimama na upepeo kama mwizi.

"Yarabi! Mnafanya nini na makaa yangu?"

"Tunapalia, mama," mkwe akasema, sauti haitoki vizuri.

Nilidhani patawaka. Binti yangu akakunja buibui lake, akachuchumaa, akaninyang'anya koleo.

"Nani anarundika makaa mahali pamoja? Mtaunguza! Tandaza. Mama, umesahau?"

Nikajifanya nimesahau kweli, nikasogea. Wakabaki wawili wao, mmoja anatandaza, mmoja anapepea, wanabishana kama imewiva au bado.

Ikatoka imewiva vizuri, rangi ya dhahabu, na harufu ya udi kwa mbali. Mgeni mmoja akauliza ni kitu cha nchi gani.

"Cha hapa," binti yangu akajibu bila ya kugeuka.

Sahani ikarudi jikoni karibu tupu. Kilichobaki ni kipande cha ukingo, nacho binti yangu akakitia mdomoni mwenyewe.

"Idi Kubwa," akamwambia mkwewe, huku analamba kidole, "nyama niachie miye. Tamu juu yako."

"Boga tena, mama?"

"Boga. Lakini makaa njoo nayo."