Kufuli la Shangazi Kwenye Swichi ya Mnara

Shangazi yangu ni fundi wa minara ya simu, na mwoga wa panya. Huko juu anatembea kana kwamba yuko jikoni kwake. Mitambo yetu ya zamani ilitoka kwa taifa moja kubwa, na huko huko ndiko alikosomea. Kisha taifa jingine kubwa likasema mitambo ile inasikiliza siri za watu. Ing'olewe, wao wataleta yao yenye akili zaidi. Wakubwa wetu wakaitikia. "Wake wenza hao," shangazi akasema, "na bwana wanayemgombania ni sisi."

Mafundi wageni wakajenga chumba kipya cha mitambo, mlango haufunguki ila kwa alama ya kidole. Wakasajili vidole vyao tu. Mkuu wao, mtu mpole mwenye Kiswahili kilichonyooka, akamwambia shangazi: "Mama, wewe umesomea kwa wale. Utapanda, utashusha vya zamani, utafunga vipya, basi. Humu huingii."

Damu ilinichemka. Miaka yote ile, leo awe mpagazi? Bila chumba kile hana ufundi tena, na mimi niliyejifunza kwake ndiyo kwaheri. Nikafungua mdomo, akanitupia jicho. "Tulia, wewe. Mwenye pupa hadiriki kula tamu."

Kwetu fundi hapandi kabla hajafunga swichi kuu ya umeme kwa kufuli lake mwenyewe, na halifungui mwingine, hata bosi. Shangazi akafunga, akapanda, akamaliza kazi yote. Akashuka, akavua mkanda, akakaa kitako akinywa maji.

"Fungua tuwashe," mkuu akasema.

"Nitafungua nikishaona ninachokiwasha."

Mji mzima hauna mtandao. Bosi wetu akaja na gari, jasho linamtiririka, akaomba ufunguo. Shangazi akamuuliza taratibu kama sheria ya kufuli imebadilishwa. Bosi akatikisa kichwa. Sheria ile aliiweka yeye, baada ya fundi wetu mmoja kuungua.

"Kwani mama, uko upande gani?" mkuu akauliza.

"Wale wameondoka. Ninyi nanyi mtaondoka. Mnara huu atabaki nao nani?"

Mkuu akacheka mwenyewe, akafungua mlango na kumwonyesha pa kuweka kidole. Shangazi akaweka. Halafu akanigeukia.

"Na wewe lete chako. Mimi sitapanda milele."