Alama za Ng'ombe wa Kakesio
Mwalimu Kasaine alistaafu na daftari moja ambalo hakumruhusu mtu kulishika. Humo alikuwa amechora kwa penseli alama za moto za ng'ombe wa familia themanini za Kakesio, na mwaka 2001 alikuja nalo kwenye duka letu la uchapaji Karatu akitaka liwe kitabu. Mimi ndiye niliyechapa. Alikaa nyuma ya bega langu siku tatu nzima, na chai yangu akaikataa.

Nilitumia Word kwenye kompyuta, kama kwa barua zote za mji huu. Siku ya nne akataka niongeze mstari mmoja mwanzoni. Nikaongeza. Picha zote zikateremka, na alama ya Kasaine ikatua chini ya jina la jirani yake Senteu, ambaye walikuwa hawasemeshani mwaka wa nne sasa kwa ajili ya mtamba mmoja. Alama zao zote mbili ni fimbo yenye mkia. Wa Kasaine unaelekea kulia, wa Senteu kushoto.

"Senteu amekupa nini?" akaniuliza.

Niliumia, sitaficha. "Mwalimu, huyo simjui hata kwa sura. Picha zinafuata maandishi."

"Zinatembea zenyewe?"

Edgar, mwenzangu wa meza ya pili, akamwambia kwamba kwenye PageMaker, programu yake ya kupangia kurasa za vitabu, picha hukaa pale ilipowekwa. Kasaine akamtazama kama mnunuzi mnadani. Nani mwingine Karatu anaweza kuifungua kazi hiyo? Edgar akajibu kwa majivuno kidogo: hakuna.

"Basi hilo ni boma ambalo mlango wake uko kwa jirani. Ukihamia Arusha je?"

Akazunguka kati ya meza zetu mpaka jioni. Alichoogopa kilikuwa wazi: alama moja ikikosewa, wazee watasema mwalimu kajiandikia ng'ombe wa watu. Mwishowe akachagua PageMaker. Penseli ilikuwa hafifu, kwa hiyo akazichora upya alama zote kwa wino, peke yake, na akatoa sharti: karatasi zilizochapwa zikaguliwe kwanza na Senteu.

"Adui yako, mwalimu?"

"Anayenitafutia kosa hatasinzia."

Senteu akaja wiki iliyofuata. Alitusalimia mimi na Edgar, akamruka Kasaine. Akapitisha kidole juu ya kila alama, taratibu, na kwenye ya Kasaine akasimama. Mimi nikamshuku palepale kwamba anatafuta la kusingizia.

"Hii siyo yake," akasema. "Mkia umegeukia kushoto. Hapa ng'ombe wake wote wamekuwa wangu."

Edgar akaapa hakugusa kitu. Kasaine akatoa karatasi yake ya wino. Mkia ulikuwa kushoto, kwa mkono wake mwenyewe. Alama za watu wote alikuwa amezikagua mara mbili, yake hakuitazama.

"Binti, nisamehe," akaniambia, na machozi yakanilenga.

Senteu alikuwa bado amesimama, anafunua karatasi inayofuata. Kasaine akainuka, akamsogezea kiti chake.