Njia Aliyomchorea Papa

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu Rehema, nikitembea na mdogo wangu Amani kando ya mfereji huko Ufaransa. Wewe hukumjua Amani. Hata mama yako, niliyekaa naye jengo moja pale Hallonbergen, hapahapa Stockholm, miaka yote hii, nilimtajia jina lake tu. Leo nitakueleza habari zake zote, kwa sababu jana ulimwambia mama yako kwenye simu kwamba huji matangani. Ulisema kaka yako hajafa mpaka uione maiti yake kwa macho yako. Mama yako aliiweka simu mezani, akaniangalia, wala hakulia. Ndiyo maana nimepanda treni mpaka hapa Akalla, nimekuja kukaa jikoni kwako. Nitilie chai, kisha unisikilize. Ukitaka kunijibu kwa Kiswidi, nijibu tu, nimeshazoea.

Sisi tulikuwa watoto wawili, tumezaliwa karibu na Bukavu. Mama yetu alifariki tukiwa wadogo, baba yetu, Papa, akatulea mwenyewe. Vita vilipofika kwetu, tuliingia msituni pamoja na majirani. Papa alikuwa na mguu mbovu. Siku zilivyokwenda mguu ulivimba, na asubuhi moja aliketi juu ya gogo akatuambia tutangulie, yeye angetufuata polepole. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nilielewa. Amani hakuelewa. Kila tulipokata kona alivunja tawi dogo na kuliinamisha upande tuliokwenda, ili Papa akifika ajue njia.

Tulipotoka msituni, alikuja jirani yetu mmoja, Mama Zawadi, aliyekuwa nyuma yetu. Alituambia amemkuta Papa amekwisha kufa, na kwamba yeye na wenzake walimfukia kwa mikono. Akatukabidhi mkanda wa suruali wa Papa. Mimi niliupokea, nikaanguka chini. Amani aliutazama akasema, "Mikanda inafanana." Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia neno likaingia. Nilijaribu mara nyingi, mwanangu. Alikuwa ananisikiliza kwa adabu, halafu anaulizia kama kuna watu wapya waliotoka upande ule.

Baadaye dunia ikatugawa. Mimi nilipokelewa huku Sweden, yeye akapokelewa Ufaransa, katika mji mdogo ulio kando ya mfereji. Alipata kazi kwenye ofisi ya mji. Alifyeka nyasi za njia za watembea kwa miguu, na alikuwa akipaka upya alama kwenye miti, mistari miwili ya rangi, mweupe na mwekundu, ili wageni wasipotee. Aliniambia kwenye simu, "Yaya," kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, "hii kazi niliumbiwa." Nilifurahi kumsikia ana furaha. Nilipopata likizo nikaenda kumwona.

Sijawahi kuona nchi yenye upole kama ile. Mfereji umenyooka, maji yake ya kijani hayana haraka, miti mirefu imepangwa pande zote mbili. Mashua inafika mbele ya lango la kuzuia maji, inangoja maji yapande, lango linafunguliwa, inaendelea. Ukiacha mfereji unashuka hadi mtoni, ng'ombe weupe wamesimama ndani ya maji hadi magotini. Tulipishana na wazee wenye mikoba mgongoni na fimbo mikononi, wanatusalimu wote, hata wasiotujua. Walikuwa wanatembea tu, Rehema. Hawakuwa wanakimbia kitu. Mimi nilikuwa sijui kama mtu anaweza kwenda mbali kiasi kile kwa miguu na asiwe anakimbia.

Amani alinionyesha kila kitu kama mtu anayeonyesha shamba lake. Tukavuka daraja la mawe, tukaingia kwenye mwitu wa mialoni. Mimi moyo ulianza kunienda mbio, maana tangu kule kwetu sikuwa nimeingia tena chini ya miti minene. Yeye alikuwa anapiga mluzi. Mahali fulani njia kubwa ilinyooka, lakini mistari ile ya rangi ilikata kushoto, ikafuata kijia chembamba cha nyasi zilizolala.

Nikamwuliza, "Hizi alama zinakwenda wapi?"

"Kwangu," akasema.

Nilidhani anatania. Tukazifuata. Zilipita katikati ya miti, zikavuka kijito, zikatokea nyuma ya jengo alilokuwa anakaa, na alama ya mwisho ilikuwa kwenye kizingiti cha mlango wake.

"Papa hajui Kifaransa," aliniambia. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye akili zake timamu. "Akifika hapa atamwuliza nani? Lakini alama ataziona."

Niliingia ndani nikanawa uso.

Jioni hiyohiyo msimamizi wake alikuja, mwanamume mwenye huruma lakini aliyekuwa amekasirika sana. Mume na mke wazee walikuwa wamezifuata alama za Amani, wakapotea mwituni, na yule mama alikuwa ameteleza kijitoni akavunjika nyonga. Msimamizi aliuliza swali moja tu: kwa nini? Amani alimletea makopo ya rangi, akayaweka miguuni pake. Akaambiwa kazi ya rangi imekwisha, angebaki na ya kufyeka.

Ghorofa ya juu aliishi Mzee Gaspard, Mrundi, aliyempokea Amani alipofika na kumfundisha lugha. Alisikia kelele akashuka, bado ameshika kitambaa cha jikoni. Tulipobaki watatu, nilimweleza yote. Nilifikiri atampa Amani pole. Haikuwa hivyo.

"Baba yako alikufa," alimwambia. "Mtu aliyemzika amekuja akakuambia, ukakataa. Na leo bibi wa watu amelala hospitalini. Kesho utakwenda kuzifuta zote."

Amani alisimama kama anataka kumpiga. Mzee hakurudi nyuma. Akanigeukia mimi. "Na wewe binti, usimwache azifute peke yake."

Tulikwenda asubuhi, sote watatu, na brashi za chuma. Tulianzia mlangoni kwake tukarudi kinyume, mti hadi mti. Amani alikuwa anakwangua, sisi tunamfuata. Tulipofika kijitoni alisimama mbele ya mti mmoja, akaweka kipaji cha uso kwenye gome, na ndipo alipolia. Alilia kwa sauti ya yule mtoto aliyetoka msituni. Watembeaji wawili walikuwa wanapita. Walivua kofia zao, wakapita.

Tulifanya matanga chumbani kwake. Tulitandika magodoro chini, Mzee Gaspard akaita Warundi na Wakongo wachache wa mji ule, tukaimba, tukamtaja Papa kwa jina lake, tukasimulia alivyokuwa akichekesha watu sokoni. Amani alikula. Alilala usingizi mzito. Nilirudi Stockholm nikimshukuru Mungu kwamba mdogo wangu amepona.

Hakuwa amepona, mwanangu. Hapa ndipo ninaposhindwa kila ninapokumbuka, niache ninywe chai kidogo.

Nilikuwa nampigia simu kila siku baada ya kazi. Mwanzoni alijibu, halafu akawa anajibu kwa neno mojamoja. Nilimwambia aje akae na mimi, nikamtafutia hata kitanda. Akaniambia, "Yaya, zamani nilikuwa naamka kwa sababu kuna mtu namngoja. Sasa niamke niende wapi?" Nilikwenda tena kumwona. Mfereji ulikuwa umeganda, njia tupu, na yeye hakutaka kutoka nje. Mzee Gaspard alikuwa anampelekea chakula, anakirudisha hakijaguswa. Tulimpeleka kwa daktari, akapewa dawa, akazinywa kwa utii uleule aliokuwa akinisikilizia zamani. Majira ya kuchipua Mzee alinipigia. Alikuwa analia tu, nikajua. Amani hakuamka. Walisema ni moyo.

Najua unachotaka kuniuliza. Unataka kusema, basi mngemwachia alama zake. Nimejiuliza hilo hapa Stockholm kila kipupwe, giza likiingia mchana. Sina jibu. Mzee Gaspard alisema kweli, nasi tulifanya kama alivyosema, na bado nilimzika mdogo wangu mbali na kwetu. Ninachojua ni hiki tu: tulichelewa. Msiba ule ulikuwa umekaa ndani yake tangu utotoni, umekula kila kilichokuwamo, na tulipouondoa hakukubaki mtu wa kusimama.

Kwa hiyo nakuambia wewe, ambaye msiba wako bado ni wa wiki hii. Kaka yako amezikwa Bukavu na watu waliomjua. Wamesema, na mama yako amewaamini. Wewe usikae peke yako na "labda". Ukimngoja mtu asiyerudi, wewe ndiye unayeondoka kidogokidogo, na wanaokupenda watakuita huku wakikuona unazidi kuwa mbali. Njoo Jumamosi. Keti kwenye godoro pamoja na mama yako, hata kama huamini, hata kama machozi hayaji. Msikilize kila atakayesimulia habari za kaka yako, nawe usimulie za kwako. Na yakiisha matanga, usitudanganye kwamba uko salama. Piga simu, useme "leo siwezi", mmoja wetu atakuja. Siwezi kukuahidi kupona. Mimi mwenyewe sijapona, nami ni mzee sasa. Nakuomba tu usichelewe kama sisi.

Mungu ayapokee machozi yako, mwanangu. Akupe usingizi baada yake, na asubuhi akupe sababu ya kuinuka. Amlaze kaka yako mahali pema, amtie mama yako nguvu za kukuona ukizeeka. Na popote utakapokaa, usikose mtu wa kuketi nawe chini.