Askari Wametoka, Vita Viko Wapi?

Nerima ni afisa wa kliniki katika wodi yetu, na kama kuna mtu aliyezaliwa na maswali mdomoni ni yeye. Ukimwambia mvua itanyesha, atakuuliza nani amekwambia. Babu yake alikuja Nakuru kutoka Bungoma kufanya kazi ya reli, na inasemekana mzee huyo hakukubali kamwe kwamba gari la moshi limechelewa tu. Lazima kulikuwa na sababu, na lazima aijue. Mjukuu ameirithi tabia hiyo nzima nzima. Mimi, muuguzi Joan, ni mtu wa haraka, na Nerima hunichosha.

Asubuhi moja ya Januari, Ngigi wa Kiamunyi alimleta mkewe Wachuka. Ni mama wa makamo, kiongozi wa kwaya, mwenye kisukari cha kudunga insulini kila siku. Alikuwa anatapika na kuhema kama aliyepanda mlima mbio, na pumzi yake ilinukia ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mashine ya sukari ilishindwa hata kutoa namba, ikaandika tu kwamba sukari iko juu. Mwili ulikuwa umekosa insulini, ukaanza kuchoma mafuta, na damu ikajaa asidi. Tukamwekea dripu, tukaanza insulini. Tatizo lilikuwa tumbo. Ukimgusa upande wa kulia, chini, alikunja uso.

Majibu ya maabara yakarudi. Chembechembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili wanaotoka kambini vijidudu vikiingia, zilikuwa zaidi ya mara mbili ya kawaida. CRP, kipimo kingine kinachopanda mwili ukiwa na uvimbe, nacho kilikuwa kimepanda kidogo. Kwangu mambo yalikuwa wazi: tumbo linauma, askari wametoka, kidole tumbo kimeoza. Daktari Mwaura, mpasuaji wetu, aliona hivyo hivyo, akaniambia nimtayarishe mgonjwa aingie thieta kupasuliwa.

"Daktari, ngoja kidogo," Nerima akasema. "Askari wametoka, sawa. Lakini vita viko wapi?"

"Kwa tumbo, Nerima. Si umemgusa?" Mwaura akamjibu.

"Nimemgusa. Lakini hiyo asidi peke yake inaweza umiza tumbo hivi. Na mwili ukishtuka, askari hutoka hata kama hakuna adui. Halafu amekauka maji, damu imekuwa nzito, so kila kitu inaonekana mingi."

"Na kama ni appendix, ipasuke tukingoja?"

"Hata mimi najiuliza hiyo," Nerima akajibu. "Sijui."

Nilimkasirikia kwelikweli. Mtu anasimamisha thieta nzima, kisha anasema hajui. Mwaura naye alilitazama tumbo la Wachuka tena. Alijua kwamba kumlaza usingizi mgonjwa mwenye damu ya aina ile ni kuhatarisha maisha yake, na alijua pia kwamba kuchelewa kunaweza kumuua.

"Tuipe dripu na insulini nafasi kwanza," akasema mwishowe. "Nitakuwa narudi kumwangalia. Tumbo ikikaza au homa ipande, napasua, na sitaki swali."

Nerima akaanza kuwinda. Alisikiliza kifua, akapima mkojo, akamgeuza mgonjwa kutazama mgongo. Akavua soksi na kuchungulia katikati ya vidole vya miguu, maana kidonda cha mwenye kisukari hupenda kujificha mahali pasipouma. Hakupata kitu, na kila alipokosa alizidi kuchangamka. Homa haikuwapo, lakini hilo halikumridhisha, kwa sababu wagonjwa kama hawa wanaweza kuoza ndani kwa ndani bila joto kupanda. Ngigi, pale kwenye benchi, alikuwa akikunja na kukunjua kofia yake.

"Sister, wanampasua ama hawampasui?" akaniuliza.

Nilimwambia bado tunangoja, na ilinikera kusema hivyo.

Kufikia mchana pumzi ya Wachuka ilikuwa imetulia. Mwaura akabonyeza tumbo, akabonyeza tena kwa nguvu, na Wachuka, badala ya kukunja uso, akafumbua macho akaomba maji. Damu tuliyopima upya ilionyesha askari wameanza kurudi kambini. Mwaura akaniambia niwaambie watu wa thieta waendelee na mgonjwa mwingine. Nilifurahi sana, ingawa sikumwonyesha Nerima.

Mwingine angeenda kunywa chai. Nerima alivuta kiti akaketi kando ya kitanda.

"Mama, vita hatujaona. Sasa nani aliamsha askari? Insulini ulijidunga mwisho lini?"

Asubuhi tulikuwa tumemuuliza kama anatumia dawa, akaitikia kwa kichwa. Sasa alimtazama mumewe, kisha akatazama dari.

"Tulikuwa tunafunga, daktari. Maombi ya mwaka mpya. Nikaona kama sili, sukari itatoka wapi? Nikaacha sindano."

"Lakini pasta alisema wagonjwa wasifunge," Ngigi akasema polepole. "Alisema wenye wako na dawa wainue mkono, waombewe, wakule."

"Alisema."

"Na wewe hukuinua."

"Ningeinua aje, Baba Abby? Mimi ndio husimama mbele na kwaya. Kanisa yote ingejua niko mgonjwa."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe somo lake: kwamba ini hutoa sukari hata mtu asipokula, na kwamba insulini haifungi pamoja na tumbo. Nerima akanigusa mkono. Alikuwa amebaki na swali moja, na aliliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua.

"Na hayo maombi, mama, mlikuwa mnaombea nini?"



"Wagonjwa," Wachuka akasema, na mkono wake usio na dripu ukainuka kidogo juu ya blanketi.