Steringi Aliyekuwa Adui

Kwenye kibanda umiza cha mjomba wangu, pale Bigwa, Morogoro, ambako watu hulipia kutazama picha za video, kuna maswali mawili ambayo mtafsiri wa picha lazima ayajibu kabla watu hawajakaa vizuri kwenye mabenchi: nani steringi, shujaa wa picha, na nani adui. Ukishayajibu hayo, mengine unaweza kuongea unavyotaka. Mtafsiri aliyekuwepo kabla yangu, kijana mwenye sauti nzito ambaye baadaye alihamia Dar es Salaam, aliwachekesha watu mpaka wakasahau kwamba hawajaielewa picha. Aliongea bila kupumua, na mjomba alimsifia hasa kwa hilo.

"Spika ikinyamaza," mjomba alikuwa akisema, "watu wanadhani umeme umekatika. Wanaanza kudai hela yao."

Mimi niliipokea maikrofoni ile nikiwa na shahada ya lugha na tabia ya kulifikiria jambo mpaka linaisha ladha. Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani kwa mama. Kila barua ya kuomba kazi niliyoituma niliisoma upya baada ya kuituma, nikitafuta kosa, na sikuwahi kulikosa. Kutafsiri picha kulinifaa kuliko nilivyotegemea. Ndani ya kibanda kuna giza, hakuna anayekutazama usoni, na ukikosea neno, ngumi inayofuata inalifunika. Lakini hizo ngumi zenyewe zilianza kunichosha. Katika picha nzima mtu anasema "leo hutoki hapa" na mwenzake anajibu "tutaona", basi.

Ndipo nikamwomba mjomba mchana mmoja wa Jumapili nijaribu picha niliyoipenda. Ilitoka nchi moja ya theluji, nami niliifuata kwa maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya kioo. Mwanaume mmoja amecheza kamari na kuipoteza nyumba anayoishi mama yake. Mama hajui. Kila jioni mwanaume anarudi, wanakula pamoja, anataka kumwambia na anashindwa. Ndiyo picha yote hiyo.

Mjomba alinisikiliza huku akigongelea mguu wa benchi. "Anapigana na nani?"

"Na nafsi yake."

Aliacha kugonga. "Nafsi yake ina kundi?"

"Hapana, mjomba."

"Jumapili moja," akasema. "Watu wakitoka kabla ya mwisho, mchana wa Jumapili unarudi kwa mabondia, na wewe utatafsiri mabondia mpaka uzeeke."

Nilikubali, nikaenda nyumbani kuogopa. Niliogopa kwa mpangilio, onyesho baada ya onyesho. Lililonitesa kuliko yote lilikuwa karibu na mwisho. Mwanaume anauweka ufunguo wa nyumba mezani, mbele ya mama yake, na hakuna anayesema neno. Wanautazama. Mama anachukua kitambaa, anaifuta meza kuuzunguka ule ufunguo bila kuugusa. Onyesho hilo ni refu sana, na maandishi ya chini hayana kitu. Kwa sheria ya mjomba, hapo spika ilitakiwa iongee. Basi nikamtungia yule mwanaume maneno ya kuomba radhi. Ya kwanza yalikuwa kama mahubiri. Ya pili yalikuwa kama tangazo la redio. Ya tatu yalikuwa mazuri, na ndiyo niliyoyaogopa zaidi, kwa sababu yalikuwa yangu, hayakuwa yake. Niliamua kwenda na yote matatu nichague nikifika.

Jumapili yenyewe mawingu yalikuwa yameukalia mlima tangu asubuhi. Benchi la mbele alikaa dereva wa bodaboda ambaye hakosi, kofia yake ngumu mapajani. Huyu alikuwa akibeti mpira kila wiki, na mtaa mzima ulijua matokeo kwa namna alivyosalimia. Karibu na mlango alikaa mama mmoja wa huko juu mlimani, anayeshuka na ndizi. Alikuwa ameshamaliza kuuza na kikapu chake kilikuwa kitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo wanapigana?"

"Leo hawapigani sana."

"Afadhali. Kichwa kinaniuma."

Mjomba alikaa nyuma kabisa, karibu na jenereta, mahali anapoweza kuhesabu migongo.

Picha ikaanza. Mwanaume anatembea kwenye theluji. Anatembea. Anaendelea kutembea. Nikasogeza maikrofoni na kuisoma sentensi niliyoiandaa kwa fahari yote ya shahada yangu: "Mwanaume huyu anaandamwa na hatia."

Dereva akainua shingo. "Anaandamwa na nani?"

"Na hatia."

"Hatia ndiyo nani? Mbona nyuma yake hakuna mtu?"

Kibanda kikacheka. Sauti nyingine ikasema labda Hatia amejificha kwenye theluji, subirini atatokea na panga. Watu wawili benchi la kati walisimama, wakajinyoosha na kuelekea mlangoni, na mgongoni nikahisi mjomba anahesabu. Karatasi yangu ilikuwa na sentensi nyingine nyingi za namna ile, zote safi, na nilijua zitawatoa watu mmoja mmoja. Nikaiweka chini.

"Sikilizeni," nikasema. "Jamaa mkeka wake umechanika. Na aliweka nyumba ya mama yake."

Waliokuwa mlangoni walisimama. Hakuna mtu wa umri wetu Morogoro ambaye hajui mkeka uliochanika ni ubashiri uliokufa, na wengine walikuwa na mikeka yao mfukoni wakati ule ule.

"Nyumba ya mama yake?" dereva akauliza.

"Mama yake yumo ndani. Hajaambiwa."

"Sasa adui ni nani?"

"Ndiye huyo huyo."

"Steringi ndiye adui," akasema taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei asiyoitarajia. Akaitoa kofia mapajani, akaiweka chini kati ya miguu. Wale wawili wakarudi kukaa.

Kuanzia hapo picha haikuwa yangu tena. Kila jioni yule mwanaume alipokaa mezani na mama yake, kibanda kilikaa naye. Alipofungua mdomo na kuomba chumvi badala ya kusema, watu waliguna kwa pamoja. "Hiyo chumvi ya ngapi?" mmoja akauliza. "Huyu atakufa kwa presha kabla hajasema." Mwingine akamshauri aandike barua. Dereva akasema barua ni uoga, mwenzako akishakuzaa unamwambia kwa mdomo.

Mama wa ndizi alikuwa na swali lake, na aliliuliza kwa lafudhi ya mlimani, akizivuta silabi za mwisho. "Mtoto hawezi kuuza nyumba ya mama. Mjomba wake yuko wapi?"

Mimi ni Mluguru kwa mama, nilipaswa kulitegemea hilo. Kwetu ardhi hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Katika wiki nzima ya kuogopa, hofu hiyo moja sikuiogopa. Picha ile haikuwa na mjomba popote.

Wakati bado natafuta jibu, kwenye kioo akapita mzee aliyevaa kofia. Alisimama nje ya geti, akaitazama nyumba kuanzia msingi mpaka bati, akaondoka.

"Huyo hapo," mama wa ndizi akasema, ameridhika. "Kaja."

"Mjomba kaja," benchi zima likaitikia.

Mimi nilijua yule ni nani. Ndiye aliyeishinda nyumba. Alikuwa ameonekana mwanzoni kwenye chumba cha kamari, lakini kwa mgongo tu. Nikashika maikrofoni nikitaka kusahihisha. Nikafikiri: nikisema sasa, nawaharibia. Nikafikiri tena: nisiposema, nawadanganya, na mtafsiri hatakiwi kudanganya. Nikatafuta sentensi ambayo ingekuwa katikati, isiyo uongo na isiyofichua, na nilipoipata onyesho lilikuwa limeshapita na mama na mwanawe wanamenya viazi. Basi nikanyamaza. Kila mzee yule alipopita getini, kibanda kilimpokea kwa heshima. Walimsifu kofia. Walisema huyo anapima kwanza, hakurupuki, ndivyo wajomba walivyo. Nyuma karibu na jenereta nilimsikia mjomba wangu akikohoa kwa kuridhika.

Hatimaye mzee akaingia getini, akamkuta mwanaume anazoa theluji, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. Nikatafsiri kama alivyosema: "Nimekupa muda wa kutosha. Nyumba ni yangu, niliishinda mbele ya watu."

Migongo yote ikanyooka.

"Kumbe," mama wa ndizi akasema.

Dereva akageuka mzima mzima kwenye benchi, akamtazama mjomba wangu kule nyuma. "Mjomba, umetuuza."

"Mimi nimekaa tu hapa," mjomba akajibu.

Kibanda kikapasuka kwa kicheko, halafu hasira, halafu kila mtu akawa anamwelezea jirani yake kwamba yeye alishamshtukia mzee tangu mwanzo. Yule aliyeitengeneza picha hakuwa amepanga mshangao huo. Uliletwa na wao wenyewe na kuchelewa kwangu, na ulikaa pale kana kwamba ulikuwepo siku zote.

Ndipo tukafika mezani, kwenye ufunguo. Nikazitoa mfukoni karatasi tatu za yale maneno ya radhi. Mwanaume akauweka ufunguo, mlio wake mdogo ukasikika kwenye spika, nami nikavuta pumzi kuanza na ile ya tatu. Mvua ikashuka kutoka mlimani.

Anayeijua mvua ya Uluguru juu ya bati lisilo na dari hahitaji maelezo. Haikuanza kwa matone, iliangushwa. Nilisema sentensi moja kwenye maikrofoni na mimi mwenyewe sikuisikia. Niliongeza sauti ya spika mpaka mwisho, hakuna kitu. Basi nikaiweka maikrofoni chini. Kwenye kioo mama alikuwa anaifuta meza, akiuzunguka ufunguo, taratibu, na watu wote walikuwa wameinama mbele, viwiko magotini. Hakuna aliyegeuka kuuliza kwa nini siongei. Dereva alikuwa ameweka viganja viwili mdomoni.

Ingekuwa mtu mwingine angefurahi. Mimi nikaanza kazi yangu ya kawaida. Nikajiambia: hawakai kwa sababu ya picha, wanakaa kwa sababu ya mvua. Nani atatoka sasa hivi alowe? Mjomba naye atasema hivyo hivyo, na atakuwa na haki. Nikaanza kuiombea mvua iendelee mpaka mwisho, halafu nikaona aibu kwa ombi hilo.

Haikuendelea. Ilikatika ghafla kama ilivyokuja, ikabaki michirizi kwenye mgongo wa bati. Mtu aliyekaa mlangoni akalisogeza pazia, na mwanga wa jua lililolowa ukaingia mpaka benchi la kati. Njia ilikuwa wazi. Picha ilikuwa na sehemu nzima iliyobaki, tena ile ya polepole kuliko zote, ya kufunga vyombo. Nikamtazama mjomba. Mjomba alikuwa anatazama migongo.

Hakuna mgongo uliosogea.

"Funga hilo pazia, hatuoni," mama wa ndizi akasema. Likafungwa.

Simu ya dereva ikaita. Akaipokea kwa kunong'ona, na kibanda kizima kikamsikia. "Siwezi kuja. Niko msibani. Tafuta mwingine." Akaikata. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuwa anatania.

Mwisho wa picha ile, mama anatoka kwenye nyumba yake akiwa ametangulia, mwanawe nyuma amebeba kiti. Getini anamkabidhi mzee ufunguo kwa mkono wake mwenyewe, na anasema sentensi moja tu. Chuoni ningeiandikia kurasa. Pale niliisema kama ilivyo, bila kupamba:

"Mlango wa nyuma unavutwa, hausukumwi."

Wakaondoka kwenye theluji. Maandishi yakaanza kupanda kwenye kioo. Nikajiandaa kuanza kueleza. Ndipo mama wa ndizi akasema, "Huyo ndiye steringi," na dereva akapiga makofi, na mabenchi yakafuata, na watu wakapiga na mbao za kukalia kama wanavyofanya bondia anapoamka kutoka chini.

Nje, kwenye matope, hawakutawanyika. Walinizunguka.

"Dada," dereva akaniambia, "pale mvua ilipokuwa inapiga, alimwambiaje mama yake?"

"Hakusema kitu."

"Usitufiche. Nilimwona mdomo."

"Kweli kaka, hakusema neno."

"Alisema," mama wa ndizi akakata shauri, akijitwika kikapu kitupu. "Alisema, mama nimekukosea. Mimi nimesikia."

Mwingine akasema hapana, aliomba apewe wiki moja aikomboe nyumba. Wa tatu akasema alilia tu, lakini kwa sauti. Walibishana vizuri sana, kila mmoja akiwa na ushahidi, na maneno yao yote yalikuwa bora kuliko yale matatu niliyokuwa nimeyakunja mfukoni. Niliwaacha wabishane. Kifua changu kilikuwa kimejaa kitu ambacho sikujaribu kukichambua.

Mjomba alikuwa kwenye ubao wake wa nje, chaki mkononi. Alikuwa amekwisha kuandika picha ya mabondia kwa Jumapili iliyofuata, tangu asubuhi, kwa tahadhari. Akaifuta kwa mkono wa shati, akasubiri, hakugeuka.

"Tuandike nini?"

"Hii hii," nikasema. Nilikuwa nimeshajibu kabla sijakumbuka kufikiri.

Akaandika.