Safu ya Waliofia Njiani

Nesi wa zahanati yetu hupasha mikono joto kwenye kikombe cha chai kabla ya kugusa tumbo la mjamzito, maana baridi ya Njombe hukaa vidoleni. Mikono yenyewe imechanika kwa maji na jiki. Sauti yake ni ya chini. Hata akikukaripia, lazima usogee ndipo umsikie. Kila mwisho wa mwezi huchukua rula na kuchora safu moja ya ziada kwenye fomu ya vifo vya uzazi: waliofia njiani. Na kila mwezi wilayani huiruka safu hiyo kana kwamba ni doa la wino.

Mwaka huu nilikwenda naye kwenye kikao Makambako, mimi nikiwa mhudumu wa afya wa kijiji. Afisa wa afya wa wilaya akatangaza kwamba zahanati yetu haina kifo hata kimoja, tupigiwe makofi. Nesi akasimama.

“Oktavia alifia kwenye bodaboda tukimleta hapa mjini. Nilikuwa nimemshika. Tunaomba gari la wagonjwa.”

“Pole, sista,” alisema afisa. “Lakini huyo hakufia kituoni. Na gari tunapeleka kwenye vituo vyenye vifo.”

Kisha akamkabidhi cheti cha pongezi. Alikipokea kwa mikono miwili, akakunja goti kidogo, kama tulivyolelewa.

Cheti kiko ukutani katika chumba cha kujifungulia, kimegeuzwa. Upande mweupe ameandika majina. Juzi aliongeza la tano.